Bangili ya Mawe Saba na Pete ya Herufi Mbili: Siku Sita Nikiifuata Feruzi

Bibi niliyekuwa nikimtunza hapa Phoenix alifariki mwezi wa pili, akiwa na miaka 94. Aliniachia vitu viwili ndani ya soksi ya sufi: bangili pana ya fedha yenye mawe saba, na pete ya jiwe moja kubwa la buluu. Baada ya siku tatu mwanawe akanipigia simu. "Mawe ya bangili ni Lander Blue, feruzi ya mgodi adimu," akasema, "nyumbani tumekua tukijua hivyo. Na ile pete ina herufi za fundi mkubwa. Ukiuza, usikubali kudanganywa." Sina nia ya kuuza, lakini hilo neno la kudanganywa likanikaa.

Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, nikimfagilia babu yangu duka lake la usonara. Kazi yangu ilikuwa kuzoa vumbi chini ya meza, maana vumbi la sonara halitupwi, lina fedha. Kwa hivyo fedha naijua kidogo. Mawe siyajui. Kwetu feruzi ilikuwa jina la rangi, jina la watu, na jiwe la pete za wazee, neno lililotufikia pamoja na jiwe lenyewe kutoka Uajemi. Kumbe huku Arizona na New Mexico watu wanaichimba, wanaichonga, wanaiweka rehani na kuigombania. Nikaomba likizo ya siku sita.

Siku ya 1: Phoenix, Globe, Show Low

Dereva ni kijana wa Lubumbashi ninayefanya naye kazi zamu ya usiku. Ananiita Yaya, ambalo kwao ni dada mkubwa. Kwetu yaya ni mlezi wa watoto, na kwa kuwa kazi yangu ni kulisha na kuogesha wazee, nimeacha kumsahihisha.

Globe iko mwendo wa kilomita 140 hivi mashariki ya Phoenix. Kabla ya kufika mji unaanza kuona vilima vya kifusi vilivyosawazishwa juu kama meza, na mashimo ya ngazi ngazi. Kijana akapunguza mwendo. "Yaya, huku ni sawa na kwetu. Balitoboa mulima yote."

Ni sawa kweli, maana kinachochimbwa ni kilekile, shaba. Feruzi ni mtoto wa shaba. Maji ya mvua yanapenya kwenye miamba yenye shaba, yanakutana na alumini na fosfati, kisha yanaganda kwenye nyufa karibu na uso wa ardhi. Shaba ndiyo inayotia buluu, na chuma kikiingia, rangi inaelekea kijani. Katanga, kwao kijana, wana malakiti, nao ni mtoto wa shaba, ila wa mama mwingine. Kijana alifurahi kusikia hivyo, akataka kujua kwa nini basi kwao hakuna feruzi. Sikuwa na jibu.

Mgodi wa hapa unaitwa Sleeping Beauty, kwa sababu mlima wake una umbo la mwanamke aliyelala. Feruzi yake ni ya buluu ya anga iliyotakata, mara nyingi bila mshipa hata mmoja. Walipofunga uchimbaji wa feruzi mwaka 2012 bei ilipanda, na tangu hapo kila jiwe la buluu safi linatafutiwa ukoo na Sleeping Beauty. Mzee wa duka la mawe aliitazama bangili yangu kwa muda usiozidi wa kupiga chafya. Mawe yangu ni buluu inayokwenda kijani, na yana mishipa ya kahawia. "Si ya hapa," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Lakini alinifundisha jambo moja kabla sijatoka. Alichukua kipande cheupe-cheupe, laini kama chaki, akakitia ulimi, nacho kikanata. Hiyo nayo ni feruzi, na nyingi inayotoka ardhini iko hivyo. Haishiki mng'aro mpaka ijazwe gundi ya plastiki kwa shinikizo, na hapo ndipo inapokuwa ngumu na rangi yake kukolea. Si ulaghai muuzaji akisema. Wengi hawasemi. Jiwe gumu la kuchongwa kama lilivyotoka ni sehemu ndogo sana ya mzigo.

Tukashuka na kupanda bonde la Mto Salt, barabara inayojinyonganyonga. Kijana hakuzungumza mpaka tulipofika Show Low.

Siku ya 2: Zuni

Zuni ni kijiji cha Wazuni, wenyeji wa asili wa New Mexico, ambacho ukibisha nyumba yoyote utasikia mashine ya kusaga mawe, au ndivyo nilivyohisi. Tulikaribishwa na mama mmoja ambaye meza yake ya kazi iko jikoni, kati ya friji na dirisha. Anachonga vijiwe vya ukubwa wa punje ya mchele. Kila kimoja kinagandishwa kwa nta kwenye kijiti, kinasagwa kwenye gurudumu, kinageuzwa, kinasagwa tena, kisha kinavishwa kaukuta kake kembamba ka fedha. Bangili moja inaweza kubeba vijiwe zaidi ya mia, vyote sawa, vyote rangi moja. Hapo nikaelewa kwa nini Wazuni waliipenda feruzi ya Globe: jiwe lisilo na mshipa ndilo linalokubali kufanana na mwenzake.

Nikamtolea bangili. Hakuitazama rangi. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mawe, moja baada ya jingine, kama anayehesabu tasbihi. "Hili refu. Hili limebinuka. Hili lilikatwa kwa ajili ya kitu kingine." Aliyetengeneza, akasema, aliyachukua mawe aliyokuwa nayo akaizungushia fedha. Fedha ndiyo aliyoifanyia kazi. Basi ni Mnavajo, wa kabila jirani la wafua fedha.

Nilikuwa nishaandika "Mnavajo" kwenye daftari aliponizuia. Mfanyabiashara C.G. Wallace, aliyefika hapa Zuni mwishoni mwa miaka ya 1910, alikuwa na mafundi Wanavajo na Wazuni pamoja. Jiwe lilichongwa nyumba hii, fedha ikafuliwa nyumba ile. Kitu cha zamani kinaweza kuwa na mikono miwili, na pengine hakuna hata mmoja uliotia saini. Leekya Deyuse mwenyewe, mchongaji wa hapa aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki 1966, ambaye ndege na vyura wake wa feruzi leo wanakaa kwenye makumbusho, hakuwa na desturi ya kutia alama. Watu wanamtambua kwa jinsi alivyokata jicho la mnyama. Nikamuuliza mama kama yeye anaweza kutambua. Akanitazama kama niliyemuuliza iwapo anaitambua sauti ya babake.

Nje kulikuwa na tanuri za udongo za mviringo. Tulinunua mkate ungali moto. Hakuna ninachoweza kuongeza juu ya mkate ule.

Siku ya 3: Gallup

Hii ndiyo siku niliyoijia. Gallup ni mji wa barabara moja ndefu, reli upande mmoja na maduka ya vito upande mwingine, na mengi ya maduka hayo ni ya rehani. Familia za Wanavajo zimekuwa zikiweka huku vidani, mikanda, matandiko ya farasi na bunduki, wakichukua pesa za kuvukia msimu, wakikomboa baadaye. Wengine hawakomboi upesi kwa makusudi, maana chumba cha chuma cha mfanyabiashara ni salama kuliko nyumbani. Kitu kisichokombolewa muda ukapita, wanakiita rehani iliyokufa. Ukisikia kito kinauzwa kwa jina hilo, huenda kidani cha juzi kimechanganywa humo pia, kwa sababu jina lenyewe linapandisha bei.

Tuliingia duka la tatu baada ya mawili ya kwanza kutaka kuniuzia. Mwenye duka, mzee wa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye paji, aliichukua bangili na kuipindua kabla hata hajasalimia. Nikampenda papo hapo. Babu alikuwa hivyo. Mteja akileta kitu, babu huanza mgongoni.

Mgongoni akanionyesha kila kitu. Nyaya tatu zinazounda mwili wa bangili zina tumbo la pembetatu, na unene wake haulingani. Hizo zilivutwa na kufuliwa kwa mkono. Miisho yake imegongwa nakshi kwa vyuma ambavyo fundi alijitengenezea mwenyewe, na chuma kimoja kina pengo dogo ambalo linajirudia kila kilipogongwa. Lehemu imefurika mahali pawili ikaachwa. Chini ya jiwe moja lililolegea alipenyeza sindano akatoa chembe za unga wa mbao. Mafundi wa zamani walitandika unga wa mbao chini ya jiwe ili likae juu na lisivunjike. Kuanzia miaka ya 1970 wengi wanaweka gundi nyeusi ngumu nyuma ya jiwe lenyewe.

Halafu tindikali. Nilipoisikia harufu nilikuwa tena na miaka tisa. Fedha ni ya kweli, na kwa kufua kulivyo akasema huenda ilikuwa sarafu zamani. Wanavajo walianza na sarafu za Marekani, zenye fedha sehemu 900 kwa 1,000, na peso za Meksiko. Mabamba ya 925 yalienea baadaye. Nikamwambia babu yangu aliyeyusha riale za Maria Theresa, 833 kwa 1,000, zilizofika pwani kwetu kwa jahazi kutoka Arabuni. Alivua miwani yote miwili, akaenda kumwita mkewe aje asikie.

Alama? Hakuna. Nilidhani atasikitika. Akasema kabla ya Vita vya Pili walioweka alama ni wachache mno, na desturi ilienea hasa kwenye miaka ya 1970 wanunuzi walipoanza kuuliza majina. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ilijaribu kugonga muhuri wa U.S. NAVAJO na U.S. ZUNI kwenye kazi zilizotimiza masharti yake, lakini kazi hizo si nyingi. Bangili isiyo na jina na yenye mgongo kama huu, alikadiria, ni ya kati ya 1930 na 1950.

Hapo nikakumbuka. Nikafungua simu, nikamwonyesha picha ambayo mwana wa bibi alinitumia siku ya maziko: bibi siku ya harusi yake, mwaka 1951, mkono wa kushoto umeshika maua. Bangili ipo pale.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Lander Blue iligunduliwa Nevada mwaka 1973. Mgodi mzima ulikuwa kishimo tu, ukatoa mawe kama pauni 100, nyeusi na buluu yenye mishipa kama utando wa buibui, kisha ukaisha. Kwa hivyo kila mwenye feruzi ya utando anatamani iwe Lander, na mawe mazuri ya Hubei, Uchina, yameuzwa sana kwa jina hilo. Langu hata utando halina. Familia nzima imeamini miaka hamsini kitu ambacho picha yao wenyewe ya ukutani ilikuwa ikikikanusha.

Pete sasa. Fedha yake imegongwa STERLING, yaani fedha ya 925, na herufi mbili. Akashusha kitabu kinene cha alama, akaweka kidole kwenye herufi hizo: mafundi kadhaa, wanaume kwa wanawake, Wanavajo na mmoja Mzuni, wote wanatumia herufi zilezile. Kisha akaniomba ruhusa, akachoma sindano kwenye moto na kuigusa upande wa chini wa jiwe, pasipoonekana. Kijana wa Lubumbashi ndiye aliyenusa kwanza. "Plastiki hiyo!" Hata chembe ya feruzi haimo. Ni kipande cha rezini iliyotiwa rangi na kuchorwa mishipa, na chini ya kioo cha kukuzia mishipa yenyewe imelala juu kama wino badala ya kuzama. Pete yenyewe imemiminwa kwenye kalibu, si ya kufuliwa. (Jaribio la sindano msilifanye wenyewe kwenye jiwe mnalolipenda, hata la kweli linabaki na kovu.)

Jioni tulikula mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga unaofanana na mandazi yaliyokanyagwa. Mwenye mkahawa alitusimulia kesi ya mwaka 2018, mfanyabiashara wa Albuquerque aliyefungwa miezi sita kwa kuuza vito vilivyotengenezwa Ufilipino kana kwamba ni vya wenyeji. Sheria ya mwaka 1990 inakataza hilo, na faini yake inaweza kufika dola 250,000. Alisimulia kwa hasira ya mtu aliyeibiwa, na kakake, akasema, ni sonara.

Siku ya 4: Albuquerque, Cerrillos, Santa Fe

Siku ndefu ya gari. Albuquerque tulipita makumbusho ya feruzi, ndani ya jumba lililojengwa kama ngome, tukaona mawe ya migodi mingi yamepangwa: Bisbee yenye mishipa ya rangi ya chokoleti, Morenci inayometameta vipunje vya pairaiti, Royston ya kijani na buluu kwenye jiwe moja. Nilishika bangili nikailinganisha na kila sanduku. Ilifanana na manne.

Cerrillos ni vilima vikavu kusini ya Santa Fe. Watu wa Pueblo, wenyeji wa vijiji vya huku, walichimba hapa mamia ya miaka kabla Mhispania hajafika, kwa nyundo za mawe. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni yenye uhusiano na Tiffany wa New York ikayashika machimbo. Tulichoona sisi ni vichaka, upepo, na mashimo yaliyozungushiwa uzio.

Siku ya 5: Santa Fe

Jumba la Magavana, lililoanza kujengwa mwaka 1610, lina baraza ndefu mbele. Chini yake wenyeji wanakaa na blanketi, bidhaa zimetandazwa mbele ya magoti. Ukikaa hapo ni lazima uwe umesajiliwa, kitu ukitengeneze wewe au watu wa nyumba yako, na kiwe na alama yako iliyoandikishwa. Kwa anayenunua leo, sijui mahali rahisi zaidi pa kumjua fundi: unamwuliza naye anakuonyesha mikono.

Mwanamume mmoja wa Santo Domingo, kijiji cha watu wa Pueblo huku New Mexico, aliniambia juu ya mawe yangu: "Huenda ukijani huu wameutia mabibi." Feruzi ya asili ina vinyweleo. Inakunywa jasho, mafuta, sabuni, na miaka ikipita inageuka kijani. Kwa hivyo rangi niliyokuwa nikiilinganisha jana huenda si rangi iliyotoka nayo mgodini. Maabara zinaweza kupima isotopu za shaba na haidrojeni na kukisia chimbuko, lakini ni nani atakayefanya hivyo kwa bangili ya mtunza wazee?

Mchana, makumbusho ya Wheelwright, ambayo yamekuwepo tangu 1937. Humo nilisimama mbele ya kidani kile mashuhuri wanachokiita ua la boga. Wataalamu wanasema boga halimo: lile "ua" ni komamanga, pambo la fedha ambalo Wahispania walilishona kwenye mavazi yao. Na kile kitu cha mwezi mchanga kinachoning'inia chini, naja, kilikuwa kwenye hatamu za farasi wa Wahispania, nao walikipata kwa Waislamu wa Andalusi. Mtoto wa Mombasa anakutana na hilali na komamanga kifuani mwa Mnavajo. Nilimwita kijana aje aone, akaja, akaniambia yeye alikuwa akiangalia kitu cha maana zaidi.

Nilipofika alipokuwa amesimama, nikakubali. Kilikuwa kidani cha ndege, cha Santo Domingo, cha miaka ya Mdororo Mkuu wa uchumi, miaka ya 1930. Feruzi ni vipande vichache. Weusi ni maganda ya betri za magari na sahani za santuri, wekundu ni plastiki ya vitu kama mipini ya miswaki, weupe ni jasi. Watu walikuwa hawana, wakatengeneza kwa walichookota kando ya barabara, na leo wakusanyaji wanavitafuta hivyo kwa bei ya fedha. "Hawa ni watu wetu," kijana akasema. Hapa plastiki haina aibu, kwa sababu hakuna aliyeiita jiwe.

Siku ya 6: Ganado, Second Mesa, nyumbani

Tuliondoka alfajiri. Ganado, nchi ya Wanavajo, kuna duka ambalo John Lorenzo Hubbell alilinunua mwaka 1878 na ukoo wake ukaliendesha mpaka 1967. Sakafu ya mbao bado inalia ukikanyaga. Enzi ambazo feruzi ya karibu ilikuwa adimu, Hubbell aliagiza feruzi ya Uajemi, na yapo mashanga ya kioo cha buluu kutoka Ulaya yanayoitwa kwa jina lake hadi leo. Mashanga ya kioo kutoka Ulaya nayajua. Yalifika Zanzibar na kwenda bara na misafara kwa shehena. Bibi wa miaka ile akivaa buluu ya Ganado na bibi wa Tabora akivaa buluu yake, huenda wote wawili walinunua kwa walewale.

Tukatoka Ganado saa saba mchana, tukaendesha zaidi ya saa nzima, tukafika Second Mesa, kwa Wahopi, saa saba na robo. Wanavajo wanasogeza saa mbele majira ya joto, Wahopi hawasogezi. Kijana aliapa gari lina jini.

Kwa Wahopi feruzi ni kidogo. Kazi yao ni mabamba mawili ya fedha: la juu linakatwa picha kwa msumeno mwembamba, la chini linatiwa weusi, yanalehemiwa pamoja. Mtindo huo ulishika baada ya vita, Fred Kabotie na Paul Saufkie walipofundisha askari waliorudi, kuanzia 1947. Alama zao mara nyingi ni picha ya ukoo, dubu, wingu, hindi. Hizo angalau hazigongani kama herufi mbili.

Tulifika Phoenix saa tatu usiku. Nikachukua karatasi, nikaandika: *Bangili. Kinavajo, yaelekea. Fedha ya kufuliwa kwa mkono, kabla ya 1951. Feruzi ya asili, mgodi haujulikani. Fundi hajulikani, chuma chake kimoja cha nakshi kina pengo.* Nikaikunja ndani ya soksi pamoja na bangili. Mwana wa bibi nilimpigia, nikamwambia si Lander, nikamwambia aitazame picha ya harusi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado naipenda.

Pete nimeivaa. Kazini nanawa mikono mara thelathini kwa zamu moja, na rezini haiogopi sabuni.